Funza wa Plastiki

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini za asubuhi Mama alipofungua friji kutafuta maziwa, akapiga ukelele ulionitoa kitandani. Saa hiyo naijua kwa hakika, kwa sababu Baba alikuwa amekwisha vaa koti, na basi lake la kwenda kiwandani Longbridge lilikuwa likipita saa moja kasoro dakika kumi. Siku hiyo lilimpita. Nilishuka ngazi pekupeku. Katikati ya jiko kopo la bati lilikuwa limelala ubavu, na kutoka ndani yake funza walikuwa wakisambaa sakafuni, weupe, wanene, mamia kwa mamia, wamezubaa kwa baridi lakini hai. Wengine walikuwa wamekwisha ingia katika bakuli la nyama ambayo Mama aliifuata jana yake kwa mchinjaji wa Kiislamu kule Sparkhill, akipanda basi kwenda na kurudi.

“Baba Rukia,” alisema Mama, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko ule ukelele, “hiki nini?”

“Chambo.”

“Chambo. Ndani ya friji yangu. Juu ya nyama yangu.”

“Kopo lilikuwa na kifuniko.”

“Na wao wana vichwa!”

Nyama ilitupwa. Friji ilioshwa kwa maji ya moto na siki, mara tatu. Mama aliponyanyuka kutoka sakafuni alitoa amri ambayo baadaye ilinitia mimi katika kosa kubwa kuliko lote nililowahi kumfanyia baba yangu. Alisema wadudu wale hawataingia tena nyumbani kwake, si wao wenyewe wala jina lao. “Siku nitakayolisikia neno hilo mezani pangu, fito zako za kuvulia samaki zinatoka pamoja na majivu ya makaa.”

Mwezi uliopita nilikuwa nabadilisha mpira wa mlango wa jiko langu la umeme, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kusoma kijitabu cha mtengenezaji, kama nilivyojifunza kazi nyingi. Nilipoliwasha kwa mara ya kwanza mpira mpya ulitoa harufu: tamu kidogo, nzito, inayokaa nyuma ya koo. Nililizima nikaketi. Baba amefariki miaka mingi sasa, na sikuwa nimeinusa harufu ile tangu nilipokuwa na miaka kumi. Nimeona niandike majira yale ya baridi kwa utaratibu wake, kabla sijaanza kuyapamba.

Tulikuwa tunakaa Small Heath, mtaa wa mji mmoja wa viwanda wa Waingereza, katika nyumba ya safu yenye vyumba viwili juu na viwili chini. Tulitoka Unguja mimi nikiwa mdogo mno kukumbuka safari. Baba alikuwa na kazi moja kiwandani: kuziba viungo vya bodi za magari kwa uji mweupe, mzito kama maziwa mgando, kabla bodi hazijapita katika tanuri. Tanuri liliugeuza uji ule kuwa mpira laini usiopitisha maji. Jirani yake kwenye mstari wa kazi alikuwa Mzungu mmoja mwenye masikio makubwa, tuliyemwita Mista Hari. Yeye ndiye aliyempeleka Baba kwenye mfereji Jumapili ya kwanza, akampa ufito wa zamani na lile kopo la funza, akamwambia awaweke mahali pa baridi. Baba alitii. Katika nyumba nzima mahali pa baridi penye mlango palikuwa ndani ya friji tu.

Bi Zuwena, rafiki wa Mama aliyekaa mtaa wa pili, alizipata habari za uvuvi ule akazifanya chakula chake cha kila Jumamosi.

“Hebu nieleze tena, shoga. Mume wa watu anaamka alfajiri, anakaa kwenye barafu, anamkamata samaki. Halafu?”

“Wanampima.”

“Halafu?”

“Wanamrudisha majini.”

“Lahaula! Ndiyo kusema anamwamkia na kumuaga?” Akacheka mpaka akashika ubavu. “Si angempigia simu tu?”

Mama alicheka naye, lakini mimi niliona hakufurahi. Ni kweli kwamba samaki wa mfereji hawakulika. Maji yalibeba mafuta na rangi ya viwanda, na kanuni ya klabu ya wavuvi ilikuwa kurudisha kila kilichovuliwa. Mama aliona ni upuuzi unaopoteza Jumapili, na baada ya mkasa wa friji aliona ni upuuzi mchafu. Baba angeacha, nadhani, kama mimi nisingesema jambo moja.

Nilikuwa naenda naye. Kazi yangu ilikuwa kushika wavu na chupa ya chai. Baba alikuwa akitupa ndoana, anaacha mshipi uzame, kisha anasimama bila kutikisika. Ila midomo ilikuwa inacheza. Nilimtazama vizuri kwa Jumapili mbili. Ilicheza kwa mpango, inakoma, anauinua ufito kidogo sana, kisha inaanza tena. Nilijua midomo ya namna ile. Niliiona kila siku baada ya sala. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba Baba haendi kule kucheza, anaenda kuvuta tasbihi peke yake mbele ya maji.

Mama alinigeukia. “Kwenye baridi ile?”

“Muda wote, Mama. Tangu tunafika.”

Kuanzia Jumapili iliyofuata tulikuta chapati mbili zimefungwa kwenye kitambaa kando ya chupa ya chai, na Bi Zuwena alipoanza mzaha wake Mama alimwambia kwamba kuna mambo ambayo mtu hasemi mbele za watu.

Ilipita kama wiki tatu ndipo nilipomuuliza Baba mwenyewe anasoma uradi gani. Alinitazama, akaelewa, akacheka kimya kimya huku mabega yakipanda na kushuka.

“Nahesabu, mwanangu. Maji haya ni ya baridi. Samaki wa baridi hafukuzi kitu. Ukivuta upesi anakuangalia tu, kama mzee aliyejifunika blanketi. Lazima chambo kifike chini, kilale, kinyanyuke kiasi cha pingili ya kidole, kilale tena. Mista Hari anatumia saa ya mkono. Mimi saa yangu husimama kwa baridi, kwa hiyo nasema Subhanallah thelathini na tatu. Hiyo haisimami.”

“Basi ni tasbihi.”

“Ni tasbihi na ni saa. Lakini usimwambie mama yako kwamba nakuja huku kusali. Mwambie nahesabu.”

Sikumwambia. Nilizipenda zile chapati.

Niongeze hapa nilichokuja kukisoma baadaye katika maktaba: samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake hufuata maji. Maji yakipoa sana, hamu ya chakula hupungua na mwendo hupungua. Baba hakukisoma mahali popote. Alikipata kwa kusimama na kutazama, na mpaka leo najivunia kwamba alikipata hivyo.

Tatizo la chambo lilibaki. Minyoo ilikuwa adimu kwenye ardhi iliyoganda, na mkate uliyeyuka kabla ya Subhanallah ya kumi. Hapo ndipo ulipoingia uji wa kiwandani. Mwisho wa zamu matone yake yalibaki kwenye karatasi sakafuni, na karatasi zilikwenda kwenye pipa la taka. Baba alimwendea msimamizi akaomba ruhusa ya kuchukua hizo karatasi. Msimamizi alimwambia achukue na pipa lenyewe akitaka. Baba alirudi nyumbani na uji wa kujaza kikombe cha kahawa.

Alichonga kalibu katika kipande cha plasta ya ukutani kwa msumari: vijishimo kumi na viwili, kila kimoja chenye pingili zake na mkia mwembamba. Akajaza uji, akaweka kalibu ndani ya bati juu ya hita ya mafuta ya taa, uani, kwenye kibanda cha choo cha zamani. Harufu ile tamu, nzito, ilipanda. Mara mbili aliunguza. Mara ya tatu alichokonoa kimoja kwa sindano, akakiweka kwenye kiganja changu kikiwa bado na joto. Kilikuwa laini kama sikio. Ukikitikisa, mkia ulicheza wenyewe.

Mama alitoka uani kuona moshi unatokana na nini. Alikitazama kile kitu kwa muda mrefu.

“Kimekufa?”

“Hakijawahi kuishi,” alisema Baba. “Ni plastiki.”

Mama akakichukua kwa ncha za vidole, akakitikisa, mkia ukacheza. Aliingia ndani akarudi na kijiko cha bizari ya manjano. “Cheupe hivi kama maiti. Tia rangi kidogo, hata samaki ana macho.”

Wale wa manjano ndio waliovua. Samaki wa mfereji ule, mwenye mistari myeusi ubavuni na mapezi mekundu, tuliyemwita changu, kwa jina la samaki wa baharini kwetu, ingawa si yeye, aliwachukua chini kabisa, penye kina karibu na mlango wa maji, wakati wavuvi wengine wanakunywa chai na kulaani hali ya hewa. Baba alikuwa anarudisha watatu, wanne, kila Jumapili. Mista Hari aliona, akasema wakati umefika wa Ally, ndivyo alivyomwita Baba, kuingia mashindano ya majira ya baridi ya klabu.

Baba hakuwa mwanachama kamili. Alivua kwa kadi ya mgeni, na kadi hiyo ilisainiwa upya kila mwezi na katibu ambaye hakuwahi kumtazama usoni wakati wa kusaini. Mista Hari alimweleza waziwazi: akivua vizuri na kwa heshima siku ile, hakuna atakayeweza kumnyima uanachama. Akileta matatizo yoyote, kadi ya mgeni ndiyo itakuwa ya mwisho, na labda ya mgeni mwingine yeyote wa rangi yetu. Baba aliuliza jambo moja tu: fedha za zawadi zinatoka kwa washiriki? Akaambiwa hapana, zinatoka kwenye mfuko wa klabu. Basi si kamari. Akajiandikisha, na karatasi ya sheria ikaletwa nyumbani.

Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma karatasi zote za nyumba ile. Baba alisoma Kiswahili, na Kiarabu cha msahafu. Kiingereza chake kilikuwa cha masikio. Barua za shule, za gesi, za baraza la mji, zote zilipita kinywani mwangu. Jumamosi jioni tuliketi mezani, Baba, Mama, Bi Zuwena na mimi, nikaanza kutafsiri. Sheria ya kwanza, mahali pa kukutana. Ya pili, saa. Ya tatu, ya nne, ya tano. Macho yangu yakatangulia kwenye ya sita, na neno lake la kwanza baada ya chambo lilikuwa wale wadudu. Sheria ilisema chambo kiwe funza, minyoo au mkate, na kwamba chambo cha bandia hakiruhusiwi.

Sikuisoma mpaka mwisho kwa akili. Nilisoma kwa hofu. Niliona neno, nikamwona Mama ameshika kijiko, nikaziona fito zikitolewa na majivu. Nikaruka hadi ya saba.

Nilipomaliza, Baba alikuwa amekunja vidole vyote kumi. “Mwanzo ulisema ziko kumi na moja. Nimehesabu kumi.”

“Mbili nimeziunganisha,” nikasema.

Aliniamini. Ndilo jambo ninaloona vigumu zaidi kuliandika.

Siku ya mashindano walikuwa wavuvi kumi na wanne, kila mmoja kwenye kigingi chake chenye namba. Kingo za mfereji zilikuwa na barafu nyembamba kama kioo cha saa. Kipenga kilipigwa saa tatu kamili. Baba alikuwa kigingi cha tisa. Kopo lake la bati lilikuwa wazi miguuni, na mtu akipita hatua tatu nyuma angeapa kwamba lina wadudu wa kawaida, maana wa dukani nao hutiwa rangi. Mista Hari alipita, akachungulia, akainua dole gumba. Najua sasa kwamba hata yeye alidhani kwa siku ile Baba amenunua wa kweli.

Kwa saa nzima hakuna aliyepata kitu. Bwana wa kigingi cha kumi, mwenye kofia ya sufu, alianza kuchoka.

“Ally! Unasubiri samaki au unasubiri basi?”

“Basi limekwisha pita,” alisema Baba kwa Kiingereza chake. “Samaki bado.”

“Amka, bwana, umelala!”

“Samaki ndiye amelala. Mimi namwamsha pole pole.”

Wakacheka hadi kigingi cha kumi na mbili. Midomo ya Baba ikarudi kwenye hesabu. Kisha nikaona ncha ya ufito ikiinama, si kwa kishindo, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Changu wa kwanza alikuwa mkubwa kuliko kiganja cha Baba kilichokunjuliwa. Wa pili alikuja baada ya dakika ishirini. Kufikia saa saba mchana, kipenga cha mwisho, kulikuwa na saba wavuni. Bwana wa kofia alikuwa na wawili, kila mmoja mfupi kuliko sigara.

Mzani ulisema ratili nne na wakia tatu. Aliyefuata alikuwa Mista Hari, ratili moja na wakia kumi na moja. Samaki walirudishwa majini, mmoja mmoja. Bwana wa kofia akamshika Baba mkono, akavua kofia kwanza. Katibu aliandika namba na, kwa mara ya kwanza, akamtazama usoni.

Zawadi zilitolewa kwenye baa iliyokuwa kando ya daraja. Baba hakuwahi kuingia baa maishani mwake. Tulisimama uani, pamoja na mapipa, tukisikia vigelegele vya kiume ndani. Mista Hari alitoka na bahasha ya kahawia, uso umemwiva kwa furaha kana kwamba ameshinda yeye. “Ya kwako, bwana. Katibu anasema ulete picha mbili kwa ajili ya kadi mpya.” Akarudi ndani kwenye joto.

Baba hakuifungua. Aliishika kwa mikono miwili. “Cherehani ya mama yako,” alisema. “Hata kama inatosha nusu ya bei yake.”

Karatasi ya sheria ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa baa, mbele ya macho yangu. Sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Safari hii niliisoma ya sita mpaka mwisho.

“Baba. Kuna sheria niliiruka.”

Alinisikiliza. Akanitaka niitafsiri neno kwa neno, nami nikaitafsiri, na lile neno la Mama ndani yake.

“Hakuna aliyeona, Baba,” nikasema, nikilia. “Wote wanadhani ni wa kweli.”

“Wewe umeona. Mimi nimejua. Tumekuwa wawili.”

Akafuta viatu vyake kwenye mkeka, akausukuma mlango, akaingia baa.

Nilimwona kwa upenyo wa mlango. Alipita katikati ya moshi na glasi, koti limefungwa vifungo vyote, hadi kwenye meza ya katibu. Aliiweka bahasha mezani, na juu yake akaweka chambo kimoja cha manjano. “Huyu si mdudu,” alisema. “Plastiki. Mimi natengeneza. Sheria ya sita sikujua. Sasa najua.” Hakusema nani alimsomea. Mtu mmoja akacheka, mwingine akamnyamazisha. Katibu alikichukua chambo, akakitikisa, mkia ukacheza. Kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa bwana wa kofia. Kisha katibu akachukua kitambaa chenye maji, akafuta jina la Baba kwenye ubao. Mista Hari akawa wa kwanza, na hakuwa na furaha yoyote usoni.

Tulitembea nyumbani. Tulipofika Coventry Road Baba alipunguza mwendo.

“Katika mji huu wewe ndiye mdomo wangu,” alisema. “Mdomo haumchagulii mtu maneno.”

Jioni alinikalisha mezani, akaniambia nizisome sheria kumi na moja upya mbele ya Mama. Nikazisoma. Nilipofika ya sita nilisita, Baba akasema, “Endelea.” Nikalitamka lile neno. Mama hakusimama. Aliuliza taratibu, “Uliiruka kwa kuniogopa mimi?” Nikaitikia kwa kichwa. Nikaona niseme na la tasbihi palepale, kwamba Baba huwa anahesabu. Mama aliweka kijiko chini, akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akasema kwamba mtu anayehesabu kwa jina la Mungu mahesabu yake ni safi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mista Hari, kofia mkononi. Aliitoa bahasha, sasa imefunguliwa, akahesabu nusu ya noti, akazisukuma kwa Baba. Baba akazirudisha. Mista Hari akazisukuma tena. Alieleza kwamba katibu ameisaini kadi ya mgeni kwa mwezi mwingine. Ile ya uanachama itangoja. Na kwamba bwana wa kofia anauliza kama wale wa manjano wanauzwa, kwa siku za kawaida.

“Anasema nini?” aliuliza Mama. “Ilikuwa kiasi gani hasa?”

Nikamuuliza Mista Hari, nikamjibu Mama. Zilizidi nusu ya mshahara wa Baba wa wiki. Mama alizitazama noti zile juu ya kitambaa chake cha meza, akanyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha.

“Mwambie Mista Hari akae anywe chai. Kisha mwambie hivi, na usiruke hata moja: mume wangu ameirudisha bahasha bila kuifungua, kwa hiyo hatutaki nusu, tunataka ijulikane tumepoteza yote, na ni kiasi gani.”

Nikatafsiri kila neno, mpaka na hesabu yenyewe: pauni kumi na nane.